Zawadi ya mzee: Fokker ya plastiki, ya mbao au ya karatasi? Nisaidieni kuchagua

BintiChuno
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Baba yangu alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege wa Mtwara enzi za Fokker 27 za Air Tanzania. Amestaafu zamani, lakini ndege ikipita bado anatoka nje kuitazama. Nataka nimtengenezee Fokker ndogo ya kuweka sebuleni, kwa mikono yangu, kabla ya Idi. Naona njia tatu: boksi la plastiki la kuunganisha, kuchonga mbao, au karatasi ngumu za kuchapisha, kukata na kugundisha. Msumeno na msasa naviweza, plastiki sijawahi. Ipi inafaa kwa mtu aliyeijua ndege yenyewe kwa kuigusa?

Skeli72
Karibu dada. Mimi ni mtu wa plastiki. Uzuri wake ni kwamba vipimo umeshapimiwa. Skeli ya 1/72 maana yake sentimita 72 za ndege halisi zinakuwa sentimita 1. Mabawa ya Fokker 27 ni mita 29 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yako itapata sentimita 40, inakaa vizuri juu ya kabati.

Kazi iko kwenye kuipata. Kampuni ya Esci ya Italia iliwahi kuitoa kwa skeli hiyo, ila utaiwinda mtandaoni na kusubiri posta. Rangi za makopo na gundi yake vinashika moto, wauzaji wengi hawakubali kuvituma kwa ndege, hivyo uvitafute Dar vije na basi. Gundi yenyewe inayeyusha kingo mbili ziwe kitu kimoja. Ikimwagika ukaigusa, alama ya kidole haitoki. Kama Idi imekaribia, chukua boksi la Dakota, ndege nyingine ya zamani, la kampuni ya Airfix au Italeri. Ni rahisi kupatikana, na East African Airways walizirusha.

NachingweaKwetu
Mkuu, kwenye Dakota nakupinga kwa heshima zote. Dakota bawa lake liko chini, na ikiwa ardhini imekalia mkia. Fokker bawa liko juu ya mwili na imesimama sawasawa kwa miguu mirefu inayotoka chini ya injini. Mzee aliyezipakia ataona tofauti hata bila miwani. Atashukuru, kwa sababu ni zawadi ya mwanawe, lakini hiyo si ndege yake. Dada, bora uchelewe Idi kuliko kumpa ndege ya mtu mwingine.

Korosho_Lindi
Karatasi ni nafuu kuliko zote, steshenari wanakuchapishia kwa gramu 200 unamaliza. Lakini sisi tunaishi pwani. Yangu ilipendeza hadi mvua za Februari, mabawa yakalegea na gundi ikaachia. Labda uipake vanishi ndani na nje na uifungie kwenye kioo. Sasa mzee atashika nini?

MjukuuWaMchongaji
Vinyago tunavyo hapahapa, mpeleke kwa mchongaji wa Kimakonde akutolee ya mpingo. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na ukipigwa msasa laini unang'aa bila rangi. Tatizo ni bawa: likiwa jembamba linaweza kupasuka, likiwa nene ndege inafanana na mtumbwi. Tena dada kasema anataka kwa mikono yake.

FundiLigula
Nimesoma hadi hapa, naleta njia ya nne. Mwili wa Fokker ni wa mviringo, kipenyo kama mita 2.7. Chukua bomba jeupe la maji lenye upana wa nje wa milimita 40, gawanya kipenyo cha ndege kwa upana huo: unapata skeli ya 1/67 na kidogo. Yaani bomba ndilo linalokupangia skeli. Mabawa yatakuwa sentimita 43, urefu wa ndege mita 23.56 unakuwa sentimita 35.

Pua na mkia chonga kwa msufi, mbao yake ni nyepesi na laini, kisu kinapita vizuri. Acha kishina cha kuingia ndani ya bomba, kisha laini kiungo kwa pati na msasa. Bawa liwe ubao mmoja usiokatwa katikati. Kata mfuo juu ya bomba likae humo, ndipo pande zote mbili zitakuwa sawa. Miguu tumia spoku za baiskeli. Panga boi ni nne kila injini, kata kwenye kopo la maziwa, kama sentimita 5 na nusu kutoka ncha hadi ncha. Bomba lipige msasa kabla ya spreyi, vinginevyo rangi itabanduka kwa kucha.

NachingweaKwetu
Naunga mkono. Na usisahau milango: wa abiria uko nyuma ubavu wa kushoto, wa mizigo uko mbele, ubavu huohuo. Mzee wa mizigo ataanza kuangalia hapo. Madirisha yake ni makubwa ya umbo la yai, usiweke ya mraba.

Skeli72
Nimekubali, ya bomba ndiyo inamfaa. Plastiki ingekuwa na michoro midogo mizuri zaidi, lakini miguu yake ni myembamba, mzee akiishikashika itavunjika. Spoku haivunjiki.

BintiChuno
Ahsanteni sana, nimeamua: bomba na msufi. Nimefurahi zaidi kwamba ataweza kuishika bila mimi kumwambia "baba, taratibu". Mama ana picha yake akiwa na wenzake chini ya bawa, nitaiomba kwa siri. Rangi na maandishi nifuate picha hiyo?

FundiLigula
Fuata hiyohiyo, dada. Isome pia namba ya usajili, za Tanzania zinaanza na 5H. Kama picha imefifia usibuni herufi, mtume mama akamchokoze mzee kwa maongezi, ataitaja mwenyewe. Stika chapisha mwisho, baada ya kupima mwili uliokwisha kupakwa rangi.