Naomba ushauri: mtoto kiziwi na kuelewa mawazo ya wenzake

Habari zenu wakuu, nina binti wa miaka 6, kiziwi, hapa home sote tunasikia na tunaongea nae kwa ishara zetu tu za kuonyesha vidole, maji, chakula, njoo, basi. Juzi nikamjaribu ile testi ya watafiti Wimmer na Perner ya 1983, ya kuona kama mtoto anajua mwenzake anaweza kuamini kitu kisicho kweli, kaka ake kaweka pipi chini ya kikombe akatoka nje, mi nikaihamishia kwenye sufuria, nikamuuliza kaka akirudi ataitafuta wapi, akanyoosha kidole kwenye sufuria moja kwa moja, wakati jibu ni kikombe maana kaka hakuona nikihamisha. Watoto wengi wanapatia wakiwa na miaka 4 au 5 hivi.

Sasa nimesoma kwamba viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi wanapatia kwa wakati kabisa maana wanakuta lugha ya alama nyumbani, wanaochelewa ni hawa wa kwetu, kwahiyo akili haina shida (shangazi zake wanisikie), kinachokosekana ni maongezi. Kule Nikaragua hata viziwi watu wazima walikuwa wanafeli testi hii, wakaja kupatia baada ya kuokota alama za "kudhani" na "kujua".

Waliopitia hili, nianze mimi kujifunza lugha ya alama au nimpeleke bweni kwa viziwi wenzie? Na hizo alama za kudhani, kusahau, kudanganywa mnamfundishaje mtoto?