Kwa nini BBC Micro ya megahezi 2 inaishinda Spectrum ya megahezi 3.5?

Swali

Wakuu, habari zenu. Ninazo kompyuta mbili za nyumbani za Uingereza, BBC Micro ya mwaka 1981 na ZX Spectrum ya mwaka 1982, na zote bado zinawaka. Nimeandika kwa BASIC (lugha ya programu iliyomo ndani ya kompyuta hizi) programu fupi isiyofanya lolote ila kuhesabu kuanzia 1 hadi 1000, nikapima muda kwa saa ya simu. BBC ilimaliza kwa takribani sekunde 1, ilhali Spectrum ilichukua kati ya sekunde 4 na 5. Kinachonitatiza ni kwamba prosesa ya Spectrum, Z80A, inakwenda kwa megahezi 3.5, na 6502 ya BBC kwa megahezi 2 tu. Je, Spectrum yangu ina hitilafu, au kipimo changu ndicho kibovu?

Jibu la 1

Mkuu, mashine yako ni nzima. Megahezi huhesabu mapigo, si kazi iliyofanyika: amri fupi kabisa ya Z80 huhitaji mapigo 4, na ya 6502 huhitaji 2, kwa hiyo tofauti uliyoitegemea inayeyuka kabla hata hujaanza kupima.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hukupima prosesa, umepima BASIC, yaani programu inayozitafsiri amri zako. Ile ya Sinclair, waliotengeneza Spectrum, ilitokana na BASIC ya ZX81, kompyuta yao iliyotangulia, ambayo ilibanwa ndani ya kilobaiti 8, na waliotunga walijali kuokoa nafasi kuliko muda. BASIC ya Acorn, waliotengeneza BBC Micro, kazi ya Sophie Wilson, ilisifika kwa kasi tangu mwanzo. Programu yako, kwa bahati, ndiyo hasa jaribio la kwanza kati ya saba ambayo Rugg na Feldman waliyachapisha katika jarida la Kilobaud mwaka 1977. Yafanye yote saba, kwa maana kitanzi kitupu hakikuambii chochote kuhusu hesabu za desimali wala safu za namba.

Jibu la 2

Naongezea suala la skrini, ambalo wengi hulisahau. Katika Spectrum, kilobaiti 16 za kwanza za RAM (kumbukumbu ya kazi) hutumiwa kwa pamoja na prosesa na chipu inayochora picha, na prosesa ndiyo inayosubiri. Programu ya BASIC huanzia humo humo. BBC ina kumbukumbu yenye kasi ya kutosha kuwahudumia wote wawili kwa zamu bila kumsimamisha yeyote. ZX81 ndiyo kali zaidi: ikiwa katika hali ya SLOW, prosesa yenyewe huchora skrini, na programu yako hubakiwa na takribani robo ya muda. Anayetangaza matokeo ya ZX81 bila kutaja kama alitumia SLOW au FAST (hali ambayo skrini haichorwi programu ikiendelea) hajatuambia kitu.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimebadilisha K, jina la namba inayohesabiwa katika programu yangu, kuwa K% (yaani namba kamili tu, bila desimali) katika BBC, na kasi imeongezeka waziwazi. Je, huo si udanganyifu?

Jibu la 1

Si udanganyifu, mradi uandike matokeo yote mawili kando kando. Commodore 64, kompyuta nyingine ya enzi hizo, kwa mfano, hukataa kabisa K% katika FOR, amri inayoanzisha kitanzi cha kuhesabu, na kwingineko huigeuza namba kamili kuwa desimali kabla ya kuikokotoa, kwa hiyo alama hiyo haiipunguzii kazi.

Ukitaka kulinganisha prosesa zenyewe, achana na BASIC, uandike kwa lugha ya mashine (amri za prosesa yenyewe) chekecheo la Eratosthenes, njia ya kutafuta namba tasa, lililochapishwa na jarida la Byte mwaka 1981. Lazima lipate namba tasa 1,899. Likipata idadi nyingine, kasi yake haina maana.

Saa ya simu nayo iweke kando, kwani kidole hukosea sehemu kubwa ya sekunde. BBC ina TIME, inayohesabu mia za sekunde, na Spectrum ina kihesabio cha hamsini za sekunde kinachoanzia anwani 23672. Usiweke BEEP, amri ya kutoa sauti, ndani ya jaribio, maana kihesabio hicho husimama sauti inapotoka.