Mnaobildi imeji moja ya stejini na nyingine ya prodakisheni, mnatutesa

Wakuu habari, leo nimekuja kulalamika tu kuhusu kubildi imeji (kifurushi cha programu kinachowasha kontena) mbili, moja ya stejini (mfumo wa majaribio) na nyingine ya prodakisheni (mfumo wa wateja wenyewe), kama unatafuta tutorio pita hivi.

Nimeachiwa mradi wa duka la mtandaoni, jamaa walioutengeneza walishalipwa wakasepa. Mteja ananipigia anafoka, watu wanaweka oda, wanaambiwa malipo yamepita, hela haijaingia na oda kwenye mfumo haionekani. Naingia kwenye seva, docker-compose (faili la mipangilio ya kontena) iko sawa, VITE_API_URL, yaani anwani ya bekiendi ambayo frontendi inaiita, inaonyesha anwani ya prodakisheni kabisa. Nafungua brauza pale kwenye Network, maombi yote yanakimbilia stejini!! Na stejini malipo ni ya kuigiza, ukibonyeza tu inajibu imepita.

Jamani, Vite (chombo kinachobildi frontendi) haisomi hiyo env (mipangilio uliyoweka kwenye seva) wakati kontena linawaka. Inasoma wakati wa KUBILDI. Pale ulipoandika import.meta.env.VITE_API_URL panafutwa na anwani yenyewe inaandikwa ndani ya faili la js, kinachobaki ni nginx inayogawa mafaili, haijui env wala nini. Wewe badilisha compose uristati kontena mpaka alfajiri, ni sawa na kutoa chumvi kwenye wali ulioiva.

Nikawatafuta, jibu lao eti "mbona kwetu inafanya kazi". Kwenu itaachaje, stejini kila kitu si kinapita! Kumbe imeji ya prodakisheni ilikuwa inabildiwa kwenye laptop ya mtu, na laptop hiyo ina .env.production.local, ambayo inaishinda .env.production, na iko kwenye .gitignore (orodha ya mafaili yasiyopandishwa kwenye repo) kwa hiyo kwenye repo hutaiona hata ukeshe. Hakuna kosa lolote linalotokea, bildi inamaliza kijani kibichi, na ukiikagua repo kila kitu kiko safi, ndo kinachoniuma zaidi.

Halafu wamenichanganyia na siri humo humo, ufunguo wa malipo umepewa jina linaloanza na VITE_. Hiyo VITE_ mbele maana yake "mpe kila mtu", inaingia kwenye js na mtoto yeyote anayejua kubonyeza F12 anaiona. Ilibidi tuombe ufunguo mpya usiku huo huo.

Cha ajabu bekiendi yao ni safi. Inasoma env inapowaka, ukitaka kutoka majaribio ya M-Pesa kwenda hewani unabadilisha neno moja kwenye anwani, /sandbox/ipg/v2/ inakuwa /openapi/ipg/v2/, unaweka funguo za hewani, unaristati, imeji ile ile. Sasa kama mnajua hivyo huku, frontendi ilikosa nini? Mwongozo wa Twelve-Factor App umelisema hili tangu 2011, bildi peke yake, mipangilio peke yake, vikutane wakati wa kuachia.

Mimi nimeng'oa zote. Kuna config.js ndogo inayopakiwa na index.html kabla ya programu, inaweka window.APP_CONFIG, na faili hilo linaandikwa na skripti iliyo /docker-entrypoint.d/ kila kontena la nginx linapowaka, inachukua env ya kweli ya seva husika. Zima kashe ya config.js tu, la sivyo wateja watabaki na anwani ya zamani. Imeji iliyopimwa stejini ndo hiyo hiyo inapanda prodakisheni, na laptop za watu hazibildi tena kitu cha mteja, inabildi CI (mashine ya kubildi kiotomatiki).

Najua kuna mtu anakuja kuniambia nitumie --mode staging ya Vite. Mkuu, hiyo inachagua tu ni faili gani liandikwe ndani ya js, bado unakuwa na bildi mbili, na uliyoipima siyo unayoipeleka kwa wateja.

Watu wa Angular, nyie na fileReplacements zenu (kubadilisha faili moja kwa jingine wakati wa kubildi) mmelikwepaje hili? Maana nakabidhiwa mradi mwingine wa jamaa hao hao na nimeona environment.prod.ts, nimeogopa hata kuifungua.