Je, ufalme wa Ureno mwaka 1910 uliangushwa na wananchi au na wanajeshi?

Mwalimu wa Songea anauliza:

Ndugu zangu wapenzi wa historia, ninaandaa somo la kidato cha sita kuhusu kuanguka kwa tawala za kifalme barani Ulaya. Ufaransa ya 1789 na Urusi ya 1917 wanafunzi wangu wanazifahamu, kwa hiyo nimechagua Ureno, ambako Mfalme Manuel II aliondolewa tarehe 5 Oktoba 1910, na ambako historia yake inatugusa sisi tunaopakana na Msumbiji.

Ninayoyasoma yananivuta pande mbili. Upande mmoja ninaelezwa kwamba watu wa Lisbon walisimama wenyewe na kuung'oa ufalme uliokuwa umedumu kwa zaidi ya miaka 750. Upande wa pili ninaelezwa kwamba yalikuwa maasi ya vikosi vichache na manowari, yakisukumwa na chama cha siri kilichoitwa Carbonária, na kwamba Wareno walio wengi, yaani wakulima wa vijijini, hawakuhusishwa hata kidogo. Je, ni haki kuyaita mapinduzi ya wananchi?

Mzee wa Maktaba anajibu:

Mwalimu, salaam. Nimeyafuatilia mambo haya kwa miaka mingi, na jibu langu ni ndiyo, lakini nakuomba usianzie Oktoba 1910. Anzia Januari 1890. Ureno ilikuwa ikidai eneo lote lililo kati ya Angola na Msumbiji, ili makoloni yake yaungane kutoka bahari moja hadi nyingine. Uingereza ikaipa onyo la mwisho iyaondoe majeshi yake katika bonde la mto Shire na nchi ya Washona, na serikali ya mfalme ikakubali siku hiyo hiyo. Watu walijaa barabarani kwa hasira, na tangu hapo wanajamhuri wakawa na hoja ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa: kwamba mfalme ameshindwa kuilinda heshima ya nchi. Sisi tunajua kwamba ardhi iliyokuwa ikigombewa haikuwa ya Mreno wala ya Mwingereza, lakini Lisbon ndivyo walivyolipokea jambo lile.

Baadaye yakaja ya fedha. Ilifichuka kwamba nyumba ya mfalme ilikuwa ikichukua fedha za hazina ya serikali mapema, kinyume cha utaratibu, na mwaka 1907 waziri mkuu João Franco akaanza kutawala bila bunge. Tarehe 1 Februari 1908 Mfalme Carlos na mrithi wake, Luís Filipe, walipigwa risasi wakiwa ndani ya gari la farasi katika uwanja wa Terreiro do Paço, na kiti cha enzi kikamwangukia Manuel, kijana wa miaka 18 ambaye hakuandaliwa kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo wanajamhuri walishinda uchaguzi wa baraza la jiji la Lisbon. Kwa hiyo mji mkuu ulikuwa umekwisha kumwacha mfalme miaka miwili kabla ya mzinga wa kwanza kulia.

Sasa tazama usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba, maana hapo ndipo swali lako linapopata jibu. Mpango ulikuwa wa maofisa, na ulivurugika mapema. Daktari Miguel Bombarda, mmoja wa viongozi, alikuwa ameuawa tarehe 3 na mgonjwa wa akili. Admirali Cândido dos Reis, aliyepaswa kuongoza maasi, aliamini kwamba yote yameharibika, akajiua. Habari hiyo ilipofika Rotunda, kwenye kilele cha barabara ya Avenida da Liberdade ambako waasi walikuwa wamejichimbia, maofisa wengi waliona mambo yamekwisha, wakaondoka. Aliyebaki ni Machado Santos, afisa wa ugavi wa jeshi la majini, akiwa na masajini kadhaa, askari wachache na raia waliokuja na bunduki walizopewa kambini. Wenzao mjini walikuwa na mabomu yaliyotengenezwa majumbani. Hao Carbonária unaowataja walikuwa mafundi, makarani wa maduka, mabaharia na vibarua. Ukiwaondoa hao, asubuhi ya tarehe 4 maasi yalikuwa yamekufa.

Binti Mtwara anajibu:

Shikamoo Mzee wa Maktaba. Ninakubali kwamba raia walikuwapo Rotunda, lakini nauliza: wananchi wa wapi? Karibu robo tatu ya Wareno wakati ule hawakujua kusoma wala kuandika, na wengi wao waliishi mashambani. Hao waliletewa jamhuri kwa telegramu.

Nina hoja nyingine inayoniuma zaidi. Daktari Carolina Beatriz Ângelo alikuwa miongoni mwa wanawake walioshona kwa siri bendera za mapinduzi. Sheria ya uchaguzi ya 1911 iliwapa kura raia waliotimiza miaka 21 wanaojua kusoma au walio wakuu wa familia, na kwa kuwa alikuwa mjane mwenye mtoto, alikwenda mahakamani, akashinda, akapiga kura Mei 1911. Alifariki mwaka huo huo. Mwaka 1913 jamhuri ilibadili sheria, ikaandika wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume, na ikawanyima kura hata wanaume wasiojua kusoma. Na huko ng'ambo ya Ruvuma, wajibu wa Waafrika kufanya kazi za lazima, uliowekwa na sheria ya ufalme ya 1899, uliendelezwa katika sheria ya jamhuri ya 1914. Mwalimu, wanafunzi wako walijue hili pia.

Mwalimu wa Songea:

Nawashukuru sana nyote wawili. Binti Mtwara, habari za Daktari Carolina nitaziweka katika somo. Bado sijaelewa jambo moja: mfalme alikuwa na vikosi vingi kuliko waasi. Kwa nini havikushinda?

Mzee wa Maktaba:

Marahaba, binti yangu. Hoja yako ya kura naikubali yote, na ya telegramu pia. Ninachoshikilia ni kwamba walioubeba mzigo wakati wa hatari walikuwa watu wa kawaida wa Lisbon.

Mwalimu, Paiva Couceiro, aliyepata sifa katika vita vya ukoloni, aliishambulia Rotunda kwa mizinga, lakini wengine hawakumfuata. Manowari Adamastor na São Rafael ziliipiga ikulu ya Necessidades, na mfalme akaondoka kwenda Mafra. Vikosi vyake vikuu vilikuwa vimekusanyika katika uwanja wa Rossio, katikati ya mji, askari wakisikia mabaharia wanakuja na wakijua kwamba mfalme hayupo. Asubuhi ya tarehe 5 mwanadiplomasia wa Ujerumani alitokeza na bendera nyeupe, akiomba mapigano yasimame kwa muda ili wageni waondoke mjini. Watu waliiona bendera ile, wakadhani jeshi la mfalme limesalimu amri, wakamiminika barabarani wakishangilia na kuwakumbatia askari. Hakuna kamanda aliyeweza tena kuamuru risasi zipigwe katika umati ule. Yapata saa tatu asubuhi José Relvas aliitangaza jamhuri kutoka roshani ya jengo la baraza la jiji. Mchana huo Manuel, mama yake na bibi yake waliteremka ufukweni Ericeira, wakapelekwa kwa mashua za wavuvi hadi kwenye meli yao, wakaelekea Gibraltar.

Ningekuwa wewe, ningewapa wanafunzi saa ile ya bendera nyeupe waijadili kwa kipindi kizima, halafu kipindi kinachofuata niwapeleke Oktoba 1921, usiku ambao Machado Santos, yule aliyekataa kuondoka Rotunda, alitolewa nyumbani kwake Lisbon na watu wenye silaha waliokuja na lori, akauawa.