Mjadala: Jack ni ushetani wetu sote, au kuna waliomlea?

Mleta mada, Mkunazini
Jamani, naleta riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, Lord of the Flies. Watoto wa Kiingereza wanaanguka na ndege kisiwani, mtu mzima hakuna, mwisho wanauana. Wengi tulisomeshwa hivi: Ralph ni serikali, Piggy ni akili, Simon ni roho safi, Jack ni udikteta, na lile kombe wanalopuliza kuitana kikaoni ni sheria. Andika hivyo kwenye mtihani, maksi zako unapata. Halafu anatokea mtu: "Mnaona? Ondoa askari, binadamu ni mnyama." Mie hapo sikubali.

Mtazameni Roger. Pahala fulani anamrushia mawe Henry, mtoto mdogo anayecheza ufukweni, na makusudi anayakosesha. Kumlenga hathubutu; wazazi, skuli na polisi wako mbali, lakini mkono wake bado unawaogopa. Baadaye Roger huyohuyo ndiye anayelisukuma jabali linalomuua Piggy na kulivunjavunja kombe. Hapo katikati pameingia mambo: Jack kajifanya mkuu, nyama inatolewa na yeye, na kundi zima linacheza ngoma na kupiga makelele. Ukishamwita Roger "uovu", basi, huna tena haja ya kuuliza kafikaje huko.

Maalim, Wete
Mwanangu, usimnyang'anye mwandishi alama zake. Golding alikuwa mwalimu wa skuli, na Vita vya Pili alivipigana katika jeshi la maji la Uingereza. Watoto aliwajua, na watu wazima aliwaona wanavyofanyana. Yule ofisa wa manowari anayekuja kuwaokoa naye yumo vitani. Hujaiona hiyo?

Msomaji, Chake Chake
Mbona mnakwenda mbali? Someni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi. Na humo utaratibu unaporomoka, Mapinduzi ya 1964, lakini Kijakazi alikuwa mtumishi katika utaratibu huohuo. Kabla ya kulilia ustaarabu ulioanguka, ulizeni ulikuwa wa nani.

Mvuvi, Nungwi
Mie riwaya sizijui sana. Ila mwaka 1965 vijana sita wa Tonga walipotea na mashua, wakakwama kisiwa cha 'Ata zaidi ya mwaka. Walilima, wakautunza moto, mmoja kavunjika mguu wakamfunga mpaka ukaunga. Walipopatikana 1966 wote sita wazima. Hao nao alama ya nini?

Maalim, Wete
Wale walikuwa wa skuli moja, bwana, wanajuana. Wa Golding wengi ni wageni wao kwa wao.

Mleta mada
Maalim, kwa heshima zote, wapo waliokuwa wakijuana: kwaya. Kumbuka wanavyotokea mara ya kwanza. Mistari miwili, majoho meusi, jua kali, Jack anaamrisha, na Simon anazimia palepale mchangani. Wengine wote wamefika ovyoovyo. Hawa tu ndio wamekuja na safu zao na mkubwa wao tayari. Na ndio wanaogeuka wawindaji. Nidhamu ile hawakuiokota kisiwani, wametoka nayo kwao Uingereza. Roger naye alikuwa mwanakwaya.