MREJESHO: Wachezaji kubanwa na misuli kwenye baridi ya Njombe

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuwakinga wachezaji wetu wa ngoma wasibanwe na misuli ya miguu jukwaani Njombe, baada ya safari ya basi kutoka Iringa. Asanteni sana, mmetusaidia mno.

Tulifuata hili: kushuka Mafinga na Makambako, kutembea dakika 10; kisha kupasha mwili dakika 20 kwa hatua za ngoma yenyewe, polepole kwanza. Soksi na sweta hazivuliwi mpaka zamu ifike. Kubanwa kumepungua sana. Wanaosubiri muda mrefu nyuma ya jukwaa bado wanabanwa, kwa sababu mwili unapoa tena. Hao warudie dakika 5 kabla ya kuingia.

Malengelenge bado yanatusumbua, wanacheza peku kwenye saruji. Plasta inabanduka kwa jasho, ila ikibandikwa kwenye ngozi kavu kabla ya kupasha mwili inashika zaidi.