Slaidi ya mkojo imejaa seli za duara moja moja, ni limfoma (saratani ya seli za limfu) au UTI sugu tu?

kijana_wa_maabara: Habari wakuu. Mama mtu mzima anakojoa damu, antibayotiki kameza mpaka kachoka, mayai ya kichocho hatukuona. Tumezungusha mkojo kwenye sentrifuji tukapaka rangi ya Pap, nakuta seli za duara kibao, kila moja kivyake, hazishikani kabisa na kiini kimejaza karibu seli nzima. Bosi anasema andika UTI sugu tumalize, mi roho inakataa. Mkojo peke yake unatosha kusema limfoma?

MzeeSlaidi: Hautoshi mkuu. Angalia kwanza kama zinafanana. Kibofu kikivimba muda mrefu unaona mchanganyiko, limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) ndogo na kubwa, seli za plazma, makrofaji zimemeza mabaki. Limfoma ya seli kubwa inakuja na sura moja, kiini kina mikunjo na nyukleoli (vidoa vya ndani ya kiini) zinaonekana wazi. Mtihani uko kwa zile za seli ndogo, na aina inayoitwa MALT ndo mojawapo inayopenda sana kibofu, hizo kwa macho utadhani limfosaiti za kawaida tu na hapo hata mpatholojia mzoefu anasita.

dada_saito: Na kasinoma ya seli ndogo (saratani nyingine, siyo ya limfu) msiisahau, ila yenyewe viini vinabanana mpaka kimoja kinakunja umbo la kingine. Masalia yakiwepo gandisheni kwenye nta mpime alama za seli: CD45 (chembe nyeupe zote), CD20 (seli B), CD3 (seli T) na saitokeratini (kasinoma). CD45 ikishika usishangilie, limfosaiti za UTI nazo zinashika, inakusaidia tu kutoa kasinoma. Mkipata hospitali yenye flo saitometri (mashine ya kupima alama za seli moja moja) pelekeni mkojo mbichi, ubaridi sawa ila spiriti na formalini hapana, waangalie kama seli B zote ni za kappa tu au lambda tu (aina mbili za protini zao), zikiwa za aina moja tu hapo limfoma inashukiwa. Na usiwe ule wa kwanza wa asubuhi, seli zimelala humo usiku kucha zimeshaharibika.

kijana_wa_maabara: Asante dada. Ripoti sasa niandikeje?

MzeeSlaidi: Andika kuna seli za limfu zinazotia shaka, limfoma haijaondolewa, apigwe sistoskopi (kamera ya ndani ya kibofu) na kukatwa kipande kidogo cha nyama ya kibofu kikapimwe. Limfoma iliyoanzia kibofuni haifiki hata asilimia 1 ya uvimbe wa kibofu, mara nyingi imetoka kwingine, kwa hiyo daktari amkague mitoki, wengu na VVU. Na mkojo mwingine ukija safi msimruhusu akaenda zake, hii kitu inakaa chini ya utando wa kibofu, utando usipochubuka hamna seli inayodondoka.

kijana_wa_maabara: Sawa mzee. Bado yuko wodini, naenda kuomba mkojo mwingine sahivi.